Rejeta ya nje ya gia boksi: kifaa safi, ila aliyenifungia amenitia hasira mpaka leo

Nilitaka nitoe nyota moja nikalale. Nimeandika nikafuta nikaandika tena, maana kila nikimkumbuka yule fundi damu inachemka, halafu nikiangalia geji ya joto la oili inavyotulia sasa hivi naona nitakuwa nakionea kifaa. Basi naeleza ilivyokuwa, nyota tutazijua mbele ya safari.

Lori langu ni otomatiki, zile za toki konveta, yaani nguvu ya injini inapita kwenye oili kwenda gia boksi, kazi yake mzigo mzito na milima. Mwenye gari la hivi anaijua shida: umebeba, mlima mrefu, spidi ndogo, konveta haijajifunga ikashika moja kwa moja, nguvu ya injini kibao inaishia kuwa joto ndani ya oili. Na kile cha kupoza oili kilichokuja na gari kimekaa ndani ya tenki la rejeta ya maji, sasa maji yenyewe mlimani yanafika digrii 95 na zaidi, hiyo oili itashukaje chini ya hapo? Haishuki hata ufanyeje. Mimi geji ilikuwa inapita 120 kwenye miinuko mirefu, wakati ukiniuliza nitasema gia boksi yenye afya inatakiwa icheze 80 mpaka 95 hivi. Oili ikizidi kuchemka namna ile inageuka kahawia, inanuka kuungua, sili zinakakamaa, klachi za ndani zinaanza kuteleza, na zikiteleza zinazalisha joto jingine juu ya lile lile. Ukifika hapo hujui utashusha gia boksi lini lakini utaishusha.

Ndio nikanunua rejeta ya nje, ile ya pleti zilizopangana, inakaa mbele ipigwe upepo. Vipimo vyake sivielezi, vimeandikwa kwenye boksi. Ninachoweza kusema ukiishika mkononi unaona ni kitu cha kazi, ina breketi zake za chuma, ina vali ya joto inayoipitisha oili pembeni wakati bado ni ya baridi ili asubuhi isikae nzito muda mrefu. Nilifurahi kwelikweli. Kwenye boksi kulikuwa na mpira wake wa oili pia, mfupi kidogo kwa lori langu, unahitaji kuongezewa.

Hapo ndipo alipoingia huyu mtu.

Gereji siitaji. Nimefika, nimeshusha vitu, fundi kauangalia mpira kasema haufiki, kaenda nyuma karudi na mpira mweusi mrefu. Nikaushika. Mimi naendesha malori miaka mingi, mpira wa hita naujua, ni wa kupitishia maji ya moto kwenda kwenye kabini, sio wa oili. Oili ikikaa humo mpira unalainika, unavimba, unalegea. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, fundi samahani, huu si wa hita? Akanitazama juu mpaka chini mbele ya vijana wake akasema, "Dogo, wewe kazi yako usukani, spana niachie mimi." Dogo! Mtu ninayeweza kumzaa ananiita dogo, na vijana wakacheka. Nikamwambia sikufundishi kazi, nauliza tu. Akasema wenye magari wanaouliza maswali ndio wanaorudi na matatizo, kama simwamini nichukue gari langu niondoke. Gari lenyewe lilikuwa limeshafunguliwa bampa, oili imemwagwa, naondokaje?

Akafunga. Mpira wa hita, ukachomekwa kwenye paipu la chuma lililokatwa na msumeno, mdomo wake laini, hakuna hata kile kivimbe cha kushikilia mpira, klipu moja ya kukaza na bisibisi kila upande. Na rejeta yenyewe breketi zake akaziweka kando, akaifunga kwa zile nyuzi za plastiki zinazopitishwa katikati ya rejeta kubwa. Zile nyuzi gari likitikisika zinasaga mapezi mpaka zinatoboa. Nikasema na hizo breketi je? Hakunijibu kabisa, akawasha redio.

Nilipotoka nikajikuta najilaumu kwa kumfikiria vibaya, maana kifaa kilifanya kazi! Barabara ya tambarare oili ikashuka vizuri, mlima wa kwanza geji ikapanda taratibu ikagoma kufika ilikokuwa inafika zamani, nikampigia mwenye mzigo nikamwambia hapa nimepata dawa. Siku zile ungeniuliza ningekupa nyota tano na ya sita juu yake.

Haikuchukua muda. Siku hiyo nimebeba kamili, mlima mrefu ule wa kona juu ya kona, jua kali, oili ya moto. Kwanza nikasikia harufu. Halafu moshi mweupe kutoka chini upande wa ekzosti, sio kidogo, umefunika kioo cha pembeni sioni nyuma. Utingo akapiga kelele. Nikaingia pembeni, nikazima injini hapo hapo, kwa sababu ile pampu ya gia boksi ikianza kuvuta hewa badala ya oili presha inaanguka na klachi zinaungua muda mfupi tu. Tukashuka na kizima moto mkononi. Mpira umechomoka kwenye paipu kama soksi, klipu bado imekazwa vilevile imeng'ang'ania mpira, yaani klipu haikuwa na kosa, ilikuwa inakaza kitu kilichovimba juu ya chuma laini. Oili yote iko barabarani na juu ya ekzosti. Oili ya gia kwenye ekzosti ya moto inaweza kuwaka, watu wameunguza malori hivyo, na mimi nilikuwa na mtoto wa watu kwenye kiti cha pembeni.

Nikampigia. Nikafikiri atasema pole. Akasema, "Umezidisha mzigo." Basi. Nikamwambia mpira umechomoka, ni ule niliokuuliza. Akasema mbona kwa wengine hauchomoki, akakata. Nikapiga tena haikupokelewa. Mpaka leo haipokelewi.

Sikilizeni, mimi sikasiriki kwa sababu kitu kimeharibika, vitu vinaharibika kila siku kwenye hii kazi. Nakasirika kwa sababu niliuliza! Lile swali lilikuwa la dakika moja. Angejibu vibaya halafu akabadilisha mpira, tusingekuwa tunaongea hapa. Alijua. Mtu anayefungua magari kila siku hawezi kutoujua mpira wa hita, alikuwa na kipande kimebaki akaona akimalizie kwangu.

Tulivutwa. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, hakuongea sana, alianza kwa kuukata ule mpira kwa kisu akanionyesha ndani, umelainika unabonyea kwa kidole. Halafu akagundua kitu kingine kilichonimaliza nguvu: njia ya oili ilikuwa imegeuzwa. Inatakiwa oili ya moto itoke gia boksi ipite kwanza kwenye kile cha ndani ya rejeta ya maji, halafu ije hii ya nje ipoe kabisa, ndio irudi. Yule alipitisha ya nje kwanza, kwa hiyo oili ikishapozwa na upepo inakwenda tena kwenye maji ya moto kupata joto upya. Kwa hiyo hata zile siku nilizokuwa nashangilia nilikuwa napata nusu ya kifaa nilicholipia.

Mzee akaweka mipira ya haidroliki iliyobanwa vichwa kwa mashine na fitingi za kufunga kwa spana, akaipitisha mbali na ekzosti, akaifunga rejeta kwa breketi zake kwenye fremu, akaacha nafasi kidogo nyuma yake hewa ipite mpaka kwenye rejeta kubwa. Akajaza oili, akawasha, akasubiri mpaka ipate joto la kazi ndio akapima tena na kuongeza, maana rejeta mpya na mipira yake inameza oili ya ziada na ukipima ya baridi tu unadanganyika. Kila hatua aliniita, "Mwanangu njoo uone." Sikumwomba.

Na sasa mlima ule ule, mzigo ule ule, geji inagusa mia na kidogo juu kabisa, nikifika tambarare inarudi 90 kabla sijamaliza kunywa maji. Sijawahi kuiona hivyo tangu nilichukue hili lori. Kwa hiyo kifaa ni kizuri, nimesema, nyota tano, kinunueni, hasa nyie mnaopanda milima na mizigo.

Ila ngoja. Hizo tano nazirudisha nne, kwa sababu watengenezaji nao, mnatengeneza kitu cha malori makubwa halafu mnaweka mpira mfupi na klipu za kigari kidogo? Na zile nyuzi za plastiki mnazitia kwenye boksi la nini? Fundi mvivu akiziona anazitumia. Mngetia mipira mirefu yenye vichwa vya kukaza, mkaandika kwa picha kubwa mpira gani usiguse oili, huyu bwana angekosa pa kujifichia.

Halafu kuna jambo jingine. Tangu siku ile ya moshi, kutoka ya tatu kwenda ya nne gia inashtuka kidogo. Haikuwa hivyo. Mzee amesema tushushe sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, wiki hii tuangalie filta, tukikuta unga mweusi mwingi basi klachi zimeguswa ile siku oili ilipoisha. Kama ni hivyo nyota zote nilizotoa hapa nazifuta nakuja kuandika upya, na safari hii gereji ile naifuata kwa miguu yangu, nikiwa na ule mpira mkononi, nimeuhifadhi kwenye kabini.