Ukienda Guangzhou Kufuata Mzigo: Ule Wapi, Uagize Nini

Wafanyabiashara wetu wengi wakifika Guangzhou, China, hufikia Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, na hapo hula pilau, ugali na kuku wa kukaanga mpaka siku ya kupanda ndege. Siwalaumu. Ukishashinda kwenye maghorofa ya viatu na mabegi, ukibishana bei kwa kikokotoo, tumbo linadai kitu linachokijua. Lakini huo ndio mji wenyewe wa mapishi ya Kikantoni, na vijiduka vyake visivyo na vitambaa mezani vinapika vitu ambavyo mtu wa Pwani anavielewa haraka: mchele, samaki, tangawizi, mvuke. Pilipili tu ndiyo haba, kwa hiyo beba yako.

Sehemu za kula nimezipanga kwa ladha na bei, kisha nikatazama muda, maana hakuna aliyekata tiketi akashinde mezani.

Waislamu, someni hapa kwanza. Mapishi haya yameshikana na nguruwe hata pale asipoonekana. Supu ya tambi huchemshwa na mifupa yake, uji pia mara nyingi, na mafuta yake huingia kwenye unga wa vitafunio. Ukimwambia mhudumu hutaki nguruwe, atakuondolea vipande. Supu itabaki ileile. Kibao chenye maandishi 清真, mara nyingi cha kijani, ndicho cha halali. Vingi ni vya tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, tamu sana, ila si za Kikantoni. Njia ambayo wengi hawaijui ni migahawa ya Kibudha isiyopika nyama kabisa, yenye alama 素. Huko vitafunio vya mvuke vimejazwa uyoga na mboga, na unakula bila kuhojiana na mtu.

Nafasi ya kwanza naipa duka la uji na cheong fun, chapati laini ya unga wa mchele iliyopikwa kwa mvuke. Simama karibu na jiko utazame. Mpishi anamwaga uji mwepesi wa unga wa mchele kwenye treya bapa, anapasulia yai, anatupia nyama ya ng'ombe au kamba, kisha anaisukuma treya ndani ya kabati la mvuke kama anayefunga droo. Hujamaliza kutafuta pa kukaa, imeiva. Anaikwangua kwa kibapa cha chuma mpaka inajikunja yenyewe, anaimwagia sosi ya soya. Uji wao nao si ule wa mgonjwa. Mchele unachemka mpaka punje zinapasuka na kupotea, halafu vipande vyembamba vya samaki vinatumbukizwa mwishoni, na tangawizi juu. Onyesha maandishi haya, 鱼片粥, na uongeze kijiti kirefu cha unga uliokaangwa, ndugu yake andazi lisilo na sukari. Kichovye. Vyote hivyo mara nyingi havifiki yuan 40, na saa moja na nusu asubuhi umeshatoka kwenda sokoni.

Ya pili ni yamcha, mlo wa chai na vitafunio vinavyoletwa kwenye vikapu vidogo vya mvuke; ingekuwa ya kwanza kama si muda wake. Maana yake ni kunywa chai, na hiyo cha ni neno lilelile lililozungukia kwa Waajemi na Wahindi kabla ya kutufikia sisi. Utaulizwa chai kabla ya chakula. Chagua pu'er, nyeusi na nzito, inakata mafuta. Kila kichwa kinalipia chai. Maji ya kwanza ni ya kusuuzia vikombe na vijiti, usiyanywe. Birika likiisha, egemeza mfuniko wake ukingoni na watakuja kulijaza bila kuitwa. Mwenzako akikumiminia, gonga meza kidogo kwa vidole viwili, hiyo ndiyo asante.

Agiza har gow, kamba ndani ya ngozi ya unga inayopitisha mwanga. Hicho ndicho kipimo cha nyumba: ngozi ikipasuka unapoinua kwa vijiti, wiki ijayo nenda kwingine. Safari yangu ya kwanza niliskani msimbo wa QR na kubonyeza picha nikidhani ni kuku wa mchuzi. Ikaja miguu ya kuku. Mwenzangu wa Mombasa akasogeza kiti nyuma. Mimi nimekulia Dar, miguu ya kuku naijua tangu kwenye karai la mama wa mtaani, nikabaki na kikapu kizima peke yangu. Yao hukaangwa kwanza, kisha huwekwa kwenye mvuke pamoja na soya nyeusi iliyochachuliwa, mpaka ngozi inateleza yenyewe mfupani. Niliagiza cha pili.

Nyumba kongwe kama Taotaoju au Guangzhou Restaurant, iliyofunguliwa 1935, zina jina lake, lakini wikendi foleni ni ndefu. Nyumba ya chai ya mtaani iliyojaa wazee na magazeti inatosha. Watu wawili, vikapu vinne. Mkiagiza vinane mtaaibika.

Ya tatu ni duka la siu mei, yaani nyama za kuchoma, lile lenye ndege walioning'inizwa dirishani. Kile chekundu chenye kung'aa ni nguruwe, usikifananishe na mishikaki. Unachofuata ni bata bukini wa kuchoma kwa sosi ya plamu, au 白切鸡, kuku aliyeivishwa kwenye maji yasiyotokota sana kisha akatiwa kwenye baridi. Mfupa unaweza kuwa na wekundu, na wengi wetu husema ni mbichi. Ameiva. Mchovye kwenye tangawizi na vitunguu majani vilivyomwagiwa mafuta ya moto, utaelewa kwa nini wenyewe husema pasipo na kuku hapana karamu. Sahani moja na wali ni chakula cha mchana kamili.

Cha chaan teng, vile vimgahawa vilivyotoka Hong Kong, naviweka nne. Chakula cha kawaida tu, lakini chai yao ya maziwa ni kali na nzito. Ukikumbuka nyumbani, nenda huko.

Mwisho kabisa ni bufee ya hoteli wakati wa Canton Fair, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yanayoanza Aprili na Oktoba. Kubali kama mwenye kiwanda analipa.

Unganisha kadi yako ya benki na Alipay, programu ya simu ya kulipia ya Wachina, kabla ya kuondoka nyumbani. Na mhudumu usimpigie kofi, mwite "mgoi!" M hiyo ya mwanzo hutamkwa peke yake, kama ya mto na mtu. Wazungu inawahangaisha, sisi tumezaliwa nayo. Bili ni "maai daan".