Grand Vitara mpya yapanda Lushoto: fo wili ipo, pumzi je?

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote mambo vipi. Leo tuko na Suzuki Grand Vitara, hii mpya, yenye ile nembo ya AllGrip kwenye mlango wa buti, yaani ya fo wili, nguvu ya injini inaweza kwenda kwenye matairi yote manne. Hii ni ya gia za mkono, gia tano. Na kabla hamjauliza: hatujapewa na kampuni wala na duka. Ni gari ya mdau mmoja, kakubali tuiendeshe kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awe siti ya nyuma. Kwa hiyo tukifika kwenye mawe mkasikia mtu anaguna huko nyuma, ndiye mwenye mali.

Jina kwanza, maana hili jina linawachanganya watu. Mtanzania ukimtajia Grand Vitara anafikiria ile iliyotoka 2005, ambayo ikija kutoka Japani tunaiita Escudo. Ile ina fremu iliyojengewa ndani ya bodi, na nyingi zina gia nzito, ile 4L, unaweka halafu gari inatambaa yenyewe mlimani kama haijui haraka ni nini. Hii mpya haina fremu wala gia nzito. Ilizinduliwa India Julai 2022, inaunganishwa na Toyota kwenye kiwanda chao cha Bidadi, karibu na Bengaluru, na ina pacha wake anaitwa Toyota Urban Cruiser Hyryder. Ukiivua nembo ni gari ya mjini iliyonyanyuliwa kidogo. Silisemi hilo kwa dharau. Nalisema kwa sababu nimeshakutana na watu wawili watatu wanaotaka kuuza Escudo zao wachukue hii wakidhani wanapanda daraja la gari ileile. Hapana. Wanahama nyumba kabisa.

Vipimo viko hivi. Urefu milimita 4,345, kwa hiyo inakaa vizuri hata kwenye maegesho ya Kariakoo. Chini iko juu kwa milimita 210, na hapo wamefanya kazi, ni kimo cha maana kwa gari ya saizi hii. Matairi ni 215/60 ya rimu 17. Tangi lita 45. Injini ni cc 1,462, haina turbo, ile ya kuisukumia injini hewa, nguvu farasi 103, na ile nguvu ya kuvuta, yaani toki, ni Nm 137 tu, tena inaifikia ikiwa kwenye mzunguko wa 4,400 kwa dakika. Shikeni hiyo namba ya mwisho, tutarudi kwayo tukianza kupanda.

Tumetoka Dar alfajiri, Chalinze, Segera, tukakata kushoto kuelekea Korogwe. Kwenye lami gari imetulia sana. Usukani ni mwepesi, labda mwepesi mno kwa mtu aliyezoea pikapu, lakini inashika mstari. Rasta zile za kuingia vijijini, ambazo IST inazipita huku dashibodi inalia yote, hii inazimeza. Matuta ndiyo usiseme, kwa hicho kimo unapita bila kukwangua hata ukiwa umejaza watu. Breki ni diski mbele na nyuma, na ukizikanyaga ghafla kwa ajili ya mbuzi zinauma sawasawa, gari haiyumbi.

Shida inaanza kwenye kuovateki. Uko nyuma ya semi, mbele kweupe, unataka kupita. Ukibaki gia ya tano ukakanyaga mafuta, gari inakusikiliza lakini haina la kukujibu. Lazima urudi ya nne, na mara nyingi ya tatu, uiache injini ipige kelele, ndipo inachanganya. Kuna mota ndogo ya umeme waliyoiunganisha na injini, inasaidia pale unapoanza kuondoka na kwenye foleni, ila ukiwa na themanini hausikii msaada wowote. Dereva aliyezoea gari za cc ndogo ataelewana nayo. Aliyetoka kwenye Escudo ya cc 2,400 ataona ameibiwa. Kwa upande wa mafuta lakini, huyo mwenye Escudo atanyamaza. Kiwandani, kwa vipimo vya India, wanasema gari hii ya gia za mkono inakwenda kilomita 19.38 kwa lita. Mimi kwa mwendo wetu wa safari, kiyoyozi muda wote na vituo vya matochi vya kutosha, nimeona kama 14 hivi kwenye skrini. Nimeridhika nazo.

Haya, Mombo. Hapa ndipo tulipokuja kuitafuta. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, lakini ni lami ya kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na unapanda mpaka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mabasi yanashuka, Fuso za kabichi na karoti zinashuka, na hakuna anayekuonea huruma. Tuko watu wanne na mabegi. Kiyoyozi kimewashwa.

Sasa ile namba niliyowaambia mshike. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo, na ukipanda juu hewa inapungua. Hesabu ya kawaida ni kwamba kila mita 1,000 inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Kwa hiyo farasi 103 ulizonunua ukiwa Dar, ukifika Lushoto umebaki na kama 90. Na toki inapatikana juu kwenye mzunguko wa 4,400, sasa kwenye kona za kabla ya Soni, zile unazoingia taratibu kwa sababu hujui nini kinakuja, unatoka kwenye kona injini ikiwa chini, na hapo chini hakuna kitu. Gia ya tatu inazubaa. Unarudi ya pili, injini inalia, gari inapanda. Tena kona, tena ya pili. Kuna mahali nilizima kiyoyozi, na kweli nilisikia nafuu, na mwenye mali huko nyuma akasema, "Kaka, mimi huwa nakizima tangu Mombo." Basi mmesikia kutoka kwa anayeishi nayo.

Ina toleo la gia za otomatiki, gia sita. Kwa mlima kama huu ningechukua hilo, si kwa sababu litapanda kwa kasi zaidi, ila mguu wako wa kushoto utapumzika.

Tukafika Lushoto mjini, tukanywa chai, tukaendelea kuelekea Mtae. Lami ikaisha. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na wenyeji wa Usambara wanajua udongo wao mwekundu ukilowa unakuwaje. Unatembea kwa miguu ndala zinabaki nyuma. Ndiyo barabara niliyokuwa naiombea.

Hapa katikati ya siti kuna kitasa cha kuzungusha chenye chaguo nne: Auto, Sport, Snow na Lock. Kwenye Auto gari inaendeshwa na matairi ya mbele. Kompyuta ikihisi ya mbele yanazunguka bure, kuna klachi ya umeme kwenye difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, inabana, nguvu zinagawanywa, na ya nyuma yanaanza kusukuma. Snow ni ya theluji, lakini kwa Mtanzania isomeni "utelezi", maana inapunguza ukali wa mafuta na kuwahi kupeleka nguvu nyuma. Lock inaifanya ile klachi ibane muda wote, na hiyo ni ya mwendo wa polepole tu, ya kujitoa mahali pabaya.

Tulipata kilima kimoja kifupi, kimekaa vibaya, katikati mfereji umechimbwa na maji. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama pembeni, pikipiki kaiegesha, anasubiri kikauke. Nikamuuliza panapitika? Akaangalia matairi, akasema, "Noah imeshuka kinyumenyume hapo asubuhi, bosi. Jaribuni."

Nikapanda hadi katikati, nikasimama makusudi. Nikaanza upya nikiwa Auto. Matairi ya mbele yakazunguka, yakatupa tope, ukihesabu moja, mbili, ndipo nikahisi msukumo kutoka nyuma na gari ikaondoka huku imepinda kidogo. Nikarudi chini, nikaweka Lock, nikasimama palepale. Safari hii matairi hayakuzunguka bure kabisa. Nikaachia klachi, ikaondoka. Tofauti ya hivyo viwili ni kubwa kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukiona kibaya mbele yako, weka Lock kabla hujaingia. Usingoje Auto igundue yenyewe, kwa sababu ikigundua umeshapoteza ule mwendo uliokuwa unakusaidia.

Halafu nikaingiza tairi moja la mbele kwenye ule mfereji kwa mshazari, mpaka la nyuma upande wa pili likanyanyuka hewani. Gari nyingi za aina hii hapo ndipo zinapokufa, nguvu zote zinakwenda kwenye tairi linaloelea na wewe umekaa. Hii ilisita kidogo. Kisha ukasikika mlio chini, trrr, trrr, hizo ni breki zinalishika lile tairi linaloelea ili nguvu ziende kwa mwenzake aliyegusa ardhi. Usiachie mafuta hapo. Watu wengi wakisikia ule mlio wanaogopa, wanatoa mguu, gari inarudi nyuma. Shikilia mafuta palepale, usiongeze wala usipunguze, iache ifanye kazi. Ikatoka. Mwenye mali aliguna kuliko wakati wowote, lakini ikatoka.

Kushuka ndiko ninakoikumbuka Escudo. Kwenye mteremko mkali wa udongo, gia nzito ya Escudo inakushusha polepole bila kugusa breki. Hapa gia ya kwanza ni ndefu, inakukimbiza. Wameweka swichi ya kudhibiti mteremko, inashika breki yenyewe kwa zamu, na inafanya kazi, ila kwenye mteremko mrefu breki ndizo zinabeba mzigo wote. Kwa mtu anayeshuka hivyo mara moja kwa mwezi sioni tatizo. Kama nyumbani kwako ni huko na unashuka kila siku na magunia, hapana.

Mengine haraka haraka. Bampa la mbele limejitokeza, kwa hiyo kwenye mfereji wenye kingo kali ndilo litakalogusa kwanza, licha ya hizo milimita 210. Ndani ni kuzuri: skrini ya inchi 9, kamera inayokuonyesha gari pande zote, ambayo kwenye njia nyembamba ya Mtae imenisaidia kuliko kitu chochote. Paa la kioo linapendeza kwenye picha, ila linakula kimo cha ndani, mrefu akikaa nyuma nywele zinagusa. Buti ni lita 373, mabegi ya watu wanne yameingia kwa kupangwa, si kwa kurushwa.

Na ushuru, maana najua kuna anayepiga hesabu. Ukiagiza Escudo yenye zaidi ya miaka 10, unalipa ule ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, na ikiwa ya cc 2,400 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Hii ni mpya, haina uchakavu, na kwa cc 1,462 iko kwenye kundi la asilimia 5. Bado hii itakuwa ghali zaidi, lakini pengo ni dogo kuliko unavyodhani ukiangalia bei ya mnadani Japani peke yake. Ila Escudo spea zake zimejaa Kariakoo, na fundi wa kila mtaa anaifungua akiwa amefumba macho. Ule mfumo wa klachi ya umeme wa hii mpya si kila fundi ataugusa, na akiugusa kwa kubahatisha utalia wewe.

Kwangu mimi fo wili ya gari hii ni nzuri kuliko injini yake. Ukiwa Dar, Mwanza au Dodoma na njia yako ni lami na vumbi kavu, chukua ya matairi ya mbele tu, kimo kinatosha, pesa iliyobaki weka kwenye matairi mazuri. Ukiwa Lushoto, Rungwe au Njombe, mahali pa udongo na mvua ndefu, chukua AllGrip, na ukubali kwamba utapanda milima kwa gia ya pili.

Ukienda kuijaribu, usikubali ule mzunguko wa dakika tano kwenye lami tambarare na muuzaji pembeni. Beba watu watatu wazima, washa kiyoyozi, tafuta mlima, usimame katikati, halafu uondoke. Muuzaji akikataa, mwambie utarudi siku akiwa tayari.