Ununue maranta gani? Anza na hewa ya nyumba yako

Ukoo wa maranta, mimea inayopendwa ndani ya nyumba kwa majani yake, una spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa asili ya misitu ya joto ya Amerika, nyingine Afrika na Asia. Kwa wauza maua utakuta chache tu, na karibu zote huchaguliwa kwa sura ya jani. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mimea hii huota chini ya kivuli cha miti mikubwa, kwenye hewa yenye unyevu. Sebule yenye kiyoyozi si kwao. Kwa hiyo nimeipanga kwa uvumilivu, urembo baadaye.

Namba moja naipa Ctenanthe setosa. Majani yake marefu ni ya rangi ya fedha yenye mishipa ya kijani iliyokolea, na chini ni zambarau. Huvumilia hewa kavu kuliko ndugu zake wengi, hukua haraka, na ukiisahau siku mbili tatu hainuni.

Ya pili ni Maranta leuconeura, hasa ile yenye mishipa myekundu. Ni fupi na hutambaa. Kata kipande cha shina chenye kifundo, pale jani linapochipuka, kitie kwenye maji, kitatoa mizizi. Chungu kimoja kinakuzalia vingine. Usiku majani husimama, asubuhi hulala tena, kwa sababu ya kivimbe kidogo kinachounganisha jani na kikonyo: seli zake hujaa maji na kupungua, jani likageuka. Ukiikuta jioni imejikusanya, haina ugonjwa. Iliyojikunja saa sita mchana ndiyo ya kuogopa.

Ya tatu, Goeppertia lancifolia, yenye majani ya mawimbi na madoa meusi. Kibandiko kinaweza kusema Calathea. Spishi nyingi za jina hilo zilihamishiwa Goeppertia mwaka 2012. Mmea ni uleule, usiongezewe bei kwa jina jipya.

Stromanthe ya waridi na nyeupe, inayouzwa kama Triostar, ni ya nne. Sehemu nyeupe hazina kijani cha kutengenezea chakula, hivyo inataka mwanga mwingi usio wa jua kali.

Mwisho kabisa naweka Goeppertia orbifolia, ile ya majani mapana ya duara inayopendeza kwenye picha. Uzuri wa mkakasi: hewa ikikauka kidogo tu, kingo zinakuwa kahawia, na jani kubwa halifichi dosari.

Anayetaka wanga wa kula atafute Maranta arundinacea. Mashina yake ya ardhini huvunwa baada ya miezi 10 hadi 12. Hizo za mapambo usizichimbe ukitafuta unga.

Kabla ya kulipa, geuza jani. Vidoa vya vumbivumbi na utando mwembamba kwenye mishipa ni utitiri, nao utahamia kwa mimea yako mingine. Punguzo la bei lisikushawishi, rahisi ghali. Tafuta jani jipya lililoviringika katikati, na chungu chenye mashina kadhaa, maana utaweza kukigawa baadaye. Mwenye paka asihofu, mimea hii ya mapambo haina sumu kwao. Maji ya bomba yenye chumvi au floraidi nyingi huchoma ncha za majani, kwa hiyo kinga maji ya mvua ukiweza.