Ziara ya shamba la viungo, Kizimbani: vanila imenifungua macho

Wikendi nilienda na dada yangu Kizimbani, Unguja, kwenye hizi ziara za mashamba ya viungo. Karafuu, mdalasini, iliki, sawa tushazoea. Ila kwenye vanila ndo nikasimama.

Yule kijana aliyetutembeza akachukua kijiti chembamba kama cha kuchokolea meno, akafungua ua, akainua kale kangozi ka ndani akabonyeza kwa kidole gumba, basi, ua limechavushwa, kazi imeisha. "Dada, huku hatuna nyuki wake, nyuki ni sisi." Nilicheka lakini aisee, ua linachanua asubuhi moja tu, ukichelewa limenyauka umekosa, halafu ganda lenyewe linakaa miezi kama 9 mpaka likomae. Asili yake Mexico, nyuki wake kabaki kule, na hii mbinu ya mkono aliigundua mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion mwaka 1841, Edmond Albius. Sasa fikiria nyuki wote wapotee tufanye hivi kwa matikiti, maboga, korosho... nani ataweza bana? Na kakao, pale wanayo pia, yenyewe inachavushwa na vijidudu vidogo kama mbu, hata huvioni vizuri. Vikiisha, chokoleti kwaheri.

Lawama: duka la mwisho vanila ilikuwa kavu kama kuni, harufu hamna, na wanakusukuma ununue sabuni. Nunua karafuu tu. Nyota 4, ya 5 ningempa kijana wa kijiti.