Trei, viriba au makopo? Chombo cha kusia mbegu barazani, Mwanza

Uingereza watu husia nyanya ndani ya nyumba mwezi Machi kwa kuogopa jalidi. Sisi tunazisia barazani kwa sababu nyingine: jua la saa saba, mvua ya ghafla kutoka ziwani, na kuku wa jirani. Kwa hiyo tafuta chombo kinachobebeka na kisichotuamisha maji.

1. Trei nene ya plastiki ya mashimo 128, kila shimo mche mmoja. Kwa nyanya, hoho na bilinganya sioni mpinzani wake. Mche unatoka na bonge lake la udongo, mizizi haikatiki, na ukiupanda jioni asubuhi unaukuta umesimama. Ile ya mashimo 200 inafaa chainizi. Nyanya zitabanana humo na kurefuka kama nyuzi. Dukani, ishike trei pembe moja uinyanyue. Ikining'inia kama karatasi, irudishe. Mimi nilishikwa na tamaa nikachukua nyembamba tano kwa bei ya nene mbili. Siku ya kuzihamisha, zikiwa zimelowa, moja ilijikunja katikati na miche yote ya hoho ikamwagika sakafuni. Nene ukiiosha na kuianika kivulini itakufaa misimu kadhaa.

2. Viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Hivi ni vya mipapai, pasheni na miparachichi, miche inayokaa muda mrefu. Kwa nyanya utabeba udongo bure. Hakikisha vina matundu chini.

3. Makopo ya maji ya lita 1.5. Kata nusu, toboa chini kwa msumari wa moto. Kwa anayetaka miche kumi tu, kwa nini anunue trei?

4. Vikombe vya mboji iliyoshindiliwa. Vinaozea ardhini, ni kweli, lakini kwa joto letu vinakauka upesi mno. Hela yangu siwapi wanaoviuza.

Pesa itakayobaki itie kwenye udongo. Usijaze udongo wa mfinyanzi wa uani. Changanya udongo mwepesi uliochekechwa, samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga zilizochomwa. Pumba uliza mashine ya kukobolea, mara nyingi wanafurahi ukiwapunguzia lundo. Mwagilia asubuhi, kidogo. Ukiona kishina kimenyong'onyea usawa wa udongo kana kwamba kimefungwa uzi, hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga: ng'oa mche huo pamoja na udongo wake, na maji upunguze siku hiyohiyo.