Jason Kidd Akiwa Kocha Mkuu: Tathmini ya Huduma Aliyozipa Klabu Tatu

Klabu ya mpira wa kikapu inapomwajiri mchezaji nyota aliyestaafu ili awe kocha mkuu, hulipia vitu viwili kwa mkataba mmoja. Cha kwanza ni jina, ambalo huuza tiketi na kuwatuliza mashabiki wenye hasira. Cha pili ni ukocha wenyewe, yaani kupanga mazoezi, kugawa dakika za kucheza, kuchambua video za wapinzani, kuchora mpango ndani ya taimauti moja fupi (kocha anaposimamisha mchezo), na kukaa na kijana wa miaka 20 aliyevunjika moyo. Jina huonekana siku ile ile anapotangazwa, lakini ubora wa ukocha huchukua miaka kujulikana. Nimemchagua Jason Kidd kwa sababu ameitoa huduma hii kwa klabu tatu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tangu 2013, na kwa sababu kati ya klabu ya pili na ya tatu alifanya jambo ambalo nyota wachache hukubali kulifanya: alishuka daraja akawa kocha msaidizi.

Kuhusu uchezaji wake hakuna ubishi. Alizifikisha New Jersey Nets fainali mara mbili mfululizo, 2002 na 2003, akatwaa ubingwa na Dallas Mavericks mwaka 2011, na alipostaafu alikuwa wa pili katika historia ya ligi kwa asisti (pasi za kufungisha), nyuma ya John Stockton peke yake. Alikuwa mchezeshaji, mtu ambaye kazi yake ni kuona nafasi kabla haijafunguka na kuwaelekeza wenzake wanne wakati mpira ungali mikononi mwake. Kwa hiyo watu wengi waliona ukocha wake ni jambo la wazi. Hoja yao ni kwamba mchezeshaji tayari ni kocha aliyevaa jezi.

Hoja hiyo naiona ina kasoro kubwa, na msimu wa kwanza wa Kidd unaionyesha. Brooklyn Nets, ambao ni wale wale Nets wa New Jersey waliohamia Brooklyn, walimwajiri Juni 2013, siku chache tu baada ya kutangaza kustaafu. Waliona pengo la uzoefu, wakamwekea pembeni Lawrence Frank, aliyekuwa kocha wake siku za New Jersey, wakamlipa mshahara mkubwa kuliko makocha wasaidizi wengi wa wakati ule. Kabla mwaka haujaisha wawili hao walikuwa wameshindwana, na Frank akaondolewa kwenye benchi, akabaki kuandika ripoti za kila siku. Timu ilishinda michezo 10 na kupoteza 21 hadi mwisho wa Desemba.

Tukio linaloelezea vizuri kipindi kile lilitokea Novemba 2013, Nets wakicheza na Los Angeles Lakers. Zilibaki sekunde chache, Nets wako nyuma, na taimauti zao zote zimekwisha. Kidd alisimama kando ya mstari akiwa na kikombe cha kinywaji mkononi, midomo yake ikionekana kumwambia mchezaji wake Tyshawn Taylor amgonge. Taylor, aliyekuwa akirudi benchi, akampitia begani, kinywaji kikamwagika uwanjani, na mchezo ukasimama ili pafutwe. Wakati pakifutwa, kocha msaidizi alikuwa akiwachorea wachezaji mpango. Nets walipoteza 99 kwa 94 na ligi ikamtoza Kidd faini ya dola 50,000. Tukio hilo lilichekwa sana, lakini mimi naliangalia kwa jicho jingine. Wazo la kusimamisha mchezo lilikuwa la Kidd, nalo ni ujanja wa mchezaji aliyezoea kutafuta mwanya katika sekunde ya mwisho. Mpango uliotumia mwanya huo uliandikwa na mtu mwingine. Ule ufundi wa ukocha wenyewe ulikuwa bado haujawa wake.

Haki itendeke, msimu ule haukuishia hapo. Brook Lopez, mchezaji wao mrefu wa kati, alipoumia, Kidd alimsogeza Paul Pierce acheze nafasi ya nne, ambayo kwa kawaida ni ya mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, akapanga kikosi chepesi chenye mikono mingi ya kunyang'anya mipira, na tangu Januari timu ikashinda michezo 34 na kupoteza 17. Waliwatoa Toronto Raptors katika michezo saba kabla ya kufungwa na Miami Heat. Ni marekebisho mazuri kwa kocha wa mwaka wa kwanza. Kisha, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, akadai mamlaka juu ya shughuli zote za mpira katika klabu, akanyimwa, na Nets wakamwachia aende Milwaukee Bucks kwa kubadilishana na chaguo mbili za raundi ya pili, yaani haki za kuchagua wachezaji wapya wanaoingia ligi. Klabu inayofikiria kumwajiri nyota inapaswa kulitazama jambo hilo kwa makini, kwa kuwa mtu aliyezoea kuwa kiini cha kila timu hawezi kuzoea nafasi ndogo ndani ya miezi kumi na miwili.

Milwaukee ndipo penye mengi ya kujifunza, kwa mazuri na kwa mabaya. Alikuta timu iliyoshinda michezo 15 na kupoteza 67, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza kwa 41 kwa 41. Alimkuta pia kijana wa Kigiriki mwenye asili ya Nigeria, Giannis Antetokounmpo, mrefu kupita mita 2.10, ambaye kwa desturi angepangwa chini ya kikapu asubiri pasi. Mwanzoni mwa 2016 Kidd alimkabidhi mpira aupeleke mbele mwenyewe na kuanzisha mashambulizi. Hapa ndipo jicho la mchezeshaji lilipolipa. Kocha mwingine angeona urefu, lakini Kidd aliona mtu anayefika kikapuni kwa hatua chache na mwenye uwezo wa kuwaona wenzake akiwa juu ya vichwa vya walinzi. Giannis akachaguliwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi mwaka 2017, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2019 na 2020.

Upande wa ulinzi, kipaji kile kile kikawa tatizo. Kidd alipora mipira zaidi ya 2,600 katika maisha yake ya uchezaji, kwa sababu alijua pasi inakwenda wapi kabla haijatoka mkononi mwa mpinzani. Ulinzi aliowapangia Bucks ulihitaji watu wenye akili hiyo: wawili wanamvamia mwenye mpira, na watatu waliobaki wanakisia pasi itakapoangukia na kuiwahi. Msimu wa kwanza mfumo huo uliwashangaza wapinzani, na Bucks wakawa miongoni mwa timu zenye ulinzi mkali. Wapinzani walipouelewa, wakaanza kutoa pasi mbili za haraka hadi pembeni mwa uwanja, ambako mtupaji wa pointi tatu alikutwa hana mtu, au kumpenyezea mpira mtu aliyesimama chini ya kikapu. Vijana wa Milwaukee walikuwa na mikono mirefu na miguu myepesi, lakini hawakuwa na kipaji cha Kidd cha kubashiri, naye hakuubadilisha mfumo kwa kiasi cha kutosha. Mpishi anayepima viungo vya pilau kwa kiganja hupata tabu hiyo hiyo anapotakiwa kumwambia mwanafunzi ni vijiko vingapi. Bucks walimfukuza Januari 2018 akiwa na ushindi 23 na vipigo 22, bila kuwahi kushinda raundi hata moja ya mtoano.

Msimu uliofuata alikuja Mike Budenholzer, mtu ambaye hakuwahi kucheza NBA na aliyeanza kazi San Antonio katika chumba cha video. Akiwa na Giannis yule yule alishinda michezo 60, na mwaka 2021 akatwaa ubingwa. Aliwaagiza walinzi wake wakae karibu na kikapu na kuwaachia wapinzani mitupo migumu ya mbali, agizo rahisi ambalo kila mchezaji angeweza kulifuata usiku wowote. Nadhani ulinganisho huu una uzito kuliko hoja yoyote ya nadharia, kwa sababu klabu ni ile ile na nyota ni yule yule.

Mwaka 2019 Kidd akakubali kuwa msaidizi wa Frank Vogel huko Los Angeles Lakers. Vogel naye hakucheza NBA, na naye alianzia kwenye video. Kwa misimu miwili, mtu ambaye jina lake lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la bosi wake alikaa kiti cha pembeni, akashiriki ubingwa wa 2020, na akamwona mtu mwingine akibeba lawama na maamuzi ya mwisho. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo misimu iliyomfanya awe kocha.

Aliporudi kuwa kocha mkuu mwaka 2021, safari hii Dallas, tofauti ilionekana mapema. Kazi kubwa ya ulinzi alimwachia msaidizi wake Sean Sweeney, na timu ikashinda michezo 52. Katika mchezo wa saba dhidi ya Phoenix Suns mwezi Mei 2022, ugenini, mbele ya timu iliyokuwa na rekodi bora kuliko zote msimu ule, Dallas walikwenda mapumziko wakiongoza 57 kwa 27. Luka Dončić, nyota wa Dallas, peke yake alikuwa na pointi 27, sawa na Suns wote. Mtu akiutazama tena mchezo huo kwa ajili ya ulinzi, ataona hakuna aliyekuwa akibahatisha: kila mlinzi alijua mahali pake, na Chris Paul, mchezeshaji wa Suns, hakupata njia aliyoizoea. Mwaka 2024 Dallas walifika fainali, wakafungwa na Boston Celtics michezo minne kwa mmoja.

Huduma hiyo ya Dallas ina kasoro zake. Msimu wa 2022/23, baada ya mchezeshaji Jalen Brunson kuondoka, timu iliporomoka hadi ushindi 38, na Kidd hakuonyesha dawa yoyote ya mashambulizi zaidi ya kumwachia Dončić apige chenga hadi muda wa kila shambulizi ukaribie kwisha. Hata katika fainali ile, Boston walipoziba njia za pembeni, mpango wa pili ulichelewa sana kuonekana. Lakini uhamisho wa Dončić kwenda Lakers Februari 2025 haukuwa uamuzi wake, na si haki kuuhesabu katika tathmini ya ukocha wake.

Nyota wengine nitawagusa kwa ufupi tu, kwa kuwa wanaonyesha jambo hilo hilo: jina halitoshi bila ufundi wa ukocha benchini. Magic Johnson aliichukua Lakers Machi 1994, akashinda michezo mitano na kupoteza 11, ukiwemo mfululizo wa vipigo kumi vya mwisho, akaacha. Larry Bird hakuwa na uzoefu wowote alipoanza na Indiana Pacers mwaka 1997, lakini alimkabidhi Dick Harter ulinzi na Rick Carlisle mashambulizi, yeye akabaki na nidhamu na utulivu wa timu. Akawa kocha bora wa mwaka wa ligi, na mwaka 2000 akafika fainali. Carlisle huyo ndiye aliyekuwa kocha wa Kidd katika ubingwa wa 2011, na ndiye ambaye Kidd alimrithi Dallas. Steve Nash, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, alipewa Nets mwaka 2020 bila kuwahi kuwa kocha msaidizi, akafanya vizuri mwaka wa kwanza akiwa na Mike D'Antoni na Ime Udoka benchini. Wote wawili wakaondoka, na mwaka 2022 Udoka, sasa akiwa kocha mkuu wa Boston, akamtoa Nash kwa michezo minne kwa sifuri. Rekodi ya jumla ya Nash, ushindi 94 na vipigo 67, inapendeza kuliko kazi aliyoifanya.

Kwa viongozi wa klabu na mashirikisho ya ukanda wetu, mfano wenye manufaa zaidi uko karibu. Luol Deng, aliyechezea timu ya nyota wa NBA mara mbili, ni rais wa shirikisho la Sudan Kusini, na mwishoni mwa 2020 alisimama mwenyewe kama kocha wa timu ya taifa katika michezo ya kufuzu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika. Angeweza kubaki hapo, na hakuna Msudan Kusini ambaye angempinga. Badala yake benchi lilikabidhiwa Royal Ivey, mchezaji wa kawaida wa NBA aliyekuwa amekwishafanya kazi ya usaidizi kwa miaka kadhaa, na Deng akatumia jina lake kutafuta wachezaji, fedha na kambi za mazoezi. Timu hiyo ikaishinda Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Ningeulizwa na klabu kama imwajiri Kidd, Kidd wa 2013 ningemkataa, na Kidd wa 2021 ningemchukua kwa sharti la kumjua kwanza atakayekaa kulia kwake. Sweeney aliondoka Dallas mwaka 2025. Msimu huo huo Kidd alianza kwa kumkabidhi Cooper Flagg, kijana mrefu ambaye nafasi yake ya asili si ya mchezeshaji, kazi ya kupeleka mpira mbele, kama alivyofanya kwa Giannis. Wengi walimlaumu kwa uamuzi huo. Mimi naona ni hapo anapokuwa na thamani kuliko makocha waliotoka chumba cha video, ila baada ya Sweeney ulinzi wa timu hiyo ulihitaji mtu wa kuuandika kwa maagizo ambayo kijana wa miaka 18 angeweza kuyatekeleza.