Beetle Inayumba Mbele: Nimefungua Seti ya Kukarabati, Springi Sikuzibadilisha

Haya wadau, karibuni tena gereji. Kabla sijalifungua hili boksi la vipuri, kamera isogee kwenye tairi. Karibu zaidi... hapo hapo. Upande wa nje kashata zote za tairi zipo. Upande wa ndani, kipara. Na tairi lenyewe halijamaliza mwaka.

Gari ni Volkswagen Beetle 1300 ya 1967. Kwenye lami nyoofu inayumba kama mtu anayetoka kilabuni, na kwenye matuta inagonga ko-ko-ko upande wa kushoto. Nimeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza akaniambia springi za mbele zimekufa, niagize nyingine. Wa pili hakusema neno, akachukua spana akakaza stelingi boksi, lile boksi la meno linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu. Nikaondoka na usukani mgumu na gari linayumba vilevile. Hilo la kukaza boksi msikubali, jamani. Meno ya boksi hulika zaidi pale katikati, kwa kuwa muda mwingi tunaendesha kunyoosha. Ukikaza mpaka katikati pasicheze, ukikata kona linabana.

Sasa springi. Chini hapa mbele hakuna koili. Kuna mabomba mawili yamelala kukatiza gari, moja juu, moja chini. Ndani ya kila bomba limepita fungu la pleti ndefu za chuma, limeshikwa katikati kwa skrubu lisizunguke. Ncha zake zimeingia kwenye mikono inayobeba magurudumu. Gurudumu likipanda tuta, mkono unazisokota pleti kama dobi anavyokamua shuka, na zikijinyoosha gurudumu linarudi chini. Ndiyo tosheni baa hiyo. Ferdinand Porsche aliiombea hataza 1931, na mbele ya Beetle ndivyo ilivyofungwa miaka na miaka. Ni mbele ya namna hii iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki 1954, 1957 na tena 1962, kwenye barabara zile za tope na mawe. Kwa hiyo fundi akikwambia springi zimekufa, muulize amejuaje.

Mimi nimejuaje kwamba hazijafa? Futi kamba tu. Gari limesimama sakafu tambarare, tairi zote zina upepo sawasawa kulia na kushoto, nikapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi. Kushoto na kulia hazipishani. Pleti zikikatika, upande mmoja unalala. Huu haujalala.

Basi nikapiga jeki, nikaweka stendi. Msilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, tafadhali. Nikashika gurudumu la kushoto, mkono mmoja juu, mmoja chini, nikalitikisa. Linacheza. Hapo wengi wanakimbilia beringi ya gurudumu. Mwite mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Kwangu haukuisha, kijana wangu kakanyaga mpaka mguu unatetemeka na bado linacheza. Nikaingiza mtaimbo chini ya tairi nikanyanyua: boljointi ya chini, kile kifundo cha tufe kinachounganisha mkono na gurudumu, ikaruka ndani ya kikombe chake, unaiona kwa macho. Halafu nikashika mkono wenyewe pale unapotokea kwenye bomba, nikausukuma juu na chini. Nao unacheza. Ndiyo ile ko-ko-ko.

Sasa tuje kwenye boksi la vipuri. Ni seti ya kukarabati mbele nzima: boljointi nne, beringi za sindano za nje (zile za vijiti vyembamba vya chuma), bushi za ndani, na sili. Ni ya Beetle za kuanzia Agosti 1965, zenye boljointi. Yako ikiwa ya kabla ya hapo ina kingpini na linkipini, yaani pini badala ya boljointi, hii haikuhusu, usije ukaagiza ukanilaumu.

Boljointi nimezipenda. Zimekaza, mpira wa vumbi ni laini, na zimeingia kwenye mikono kwa presi bila kulazimisha. Kwa presi, nasema, si kwa nyundo. Beringi nazo safi. Sili ndizo zimeniudhi: ngumu kama kandambili iliyokaa juani, mbili zimechanika wakati wa kuzipachika. Nikarudishia zangu za zamani mbili zilizokuwa nzima. Kwa bei ile hilo si la kusamehe, maana sili ndiyo mlango. Ikipitisha maji na mchanga, beringi mpya hazitakaa.

Lakini kuna jambo halimo kwenye boksi lolote. Kamera njoo hapa, kwenye shina la mkono wa kushoto, palipokuwa pakizunguka beringi. Mnaona mistari hii? Pitisha ukucha... unakwama. Sindano zimechimba mifereji kwenye chuma. Ukiweka beringi mpya juu ya mifereji hii, umetupa pesa, itacheza siku ileile. Nimelazimika kutafuta mkono mwingine kwenye Beetle iliyokufa, na huo ndio ulionigharimu muda kuliko kazi yote. Kwa hiyo fungua kwanza, papasa kwa ukucha, ndipo uagize.

Kilichochimba ni ukame. Mabomba haya yana nipeli nne za grisi, vile vichuchu vya kupampia, na za kwangu mbili zilikuwa zimezibwa kwa rangi. Mtu alipiga rangi juu ya nipeli! Ukitia grisi, nyanyua magurudumu ya mbele kwanza yaning'inie, maana uzito wa gari ukiwa chini grisi haipiti upande ulioelemewa. Pampu mpaka uione grisi safi ikichungulia kwenye sili.

Seti naipa saba kwa kumi. Tatu zimekwenda na sili. Springi zilizotolewa, nimezifuta, nimezipaka grisi, nimezirudisha zilezile za 1967.

Jana nimelipeleka kupima alaimenti. Linakwenda mstari, usukani mwepesi, tuta halisikiki kushoto. Nikapitia upepo. Kijana wa upepo akaniuliza, "Mzee, thelathini kote?" Nikamwambia hapana, kitabu cha gari kinasema watu wawili ndani, mbele kumi na sita, nyuma ishirini na nne, injini iko nyuma. Akazunguka, akafungua boneti ya mbele, akakuta tairi la akiba na tangi la mafuta. Akacheka, akatia kumi na sita.